Saruji Haizibi Paa, Tuache Kuilipia Kila Mwaka

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka, kila mvua zikikaribia nasikia maneno yale yale: "Paa linavuja, itabidi ninunue bati jipya." Mara nyingi bati halina kosa lolote. Angalia maji yanakoingilia. Kwenye nyumba nyingi za vijijini yanapita pale paa la stoo au la baraza lilipoegemea ukuta wa nyumba kubwa.

Fundi anafanya nini hapo? Anachanganya saruji na mchanga, anapaka kwenye kiungo, anachukua hela yake anaondoka. Tuseme wazi kwamba hiyo ni kazi ya msimu mmoja. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka zaidi ya milimita 1. Saruji hainyumbuki, kwa hiyo inavutwa kila siku mpaka inapasuka. Ufa usiopitisha hata ukucha unapitisha maji. Mwakani fundi anaitwa tena, anapaka juu ya ufa, na wewe unalipa tena.

Dawa yake ni kipande cha bati kilichokunjwa, ambacho mafundi hukiita flashingi. Kata ukanda wa bati bapa wenye upana wa sentimita 30. Chonga mfereji mdogo ukutani kwa tindo. Sentimita 3 za juu ziingie kwenye mfereji huo, 12 zishuke na ukuta, na 15 zilalie juu ya mabati. Mdomo wa mfereji ndio unaozibwa kwa saruji, si kiungo cha bati na ukuta. Vipande vipandiane sentimita 15, na kama kiungo kina mteremko anza kuweka kutoka chini, ili cha juu kilalie cha chini. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni maji yanakopita.

"Ni gharama," utaambiwa. Piga hesabu. Bati bapa moja la mita 2.4 kwa 1.2 linatoa kanda 4, zinazofunika zaidi ya mita 9 za kiungo. Linganisha na mfuko wa saruji na ufundi wa kila mwaka.

Kisha hesabu kilicho chini ya paa hilo. Mahindi uliyoyakausha vizuri hadi unyevu wa asilimia 13.5 yakilowa, ukungu unaingia, na unaweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Dukani, mbolea inashika maji na saruji inaganda kwenye mfuko. Hasara hiyo fundi hakulipi.

Na wewe unayeuza mabati, usimpimie mteja mabati na misumari tu ukamwacha aende. Muulize kama paa lake linagusa ukuta, na umkatie ukanda wake.

Basi kabla hujatoa hela ya ufundi, muulize fundi: "Flashingi iko wapi?" Akikuonyesha ndoo ya saruji, mwambie arudi nayo.