Vanishi ya Lebo na Sifa Isizostahili

Ukipeleka lebo za asali au achari kuchapwa, utasifiwa vanishi kabla hujaulizwa chupa itakaa wapi. Sifa kadhaa kati ya hizo si za kweli.

“Vanishi ya UV huzuia jua lisipaushe rangi.” Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Herufi hizo mbili zinaeleza jinsi vanishi inavyokaushwa kiwandani: lebo hupita chini ya taa ya miale ya urujuanimno, nayo hukauka kabla sekunde haijaisha. Basi. Kupauka kunategemea hasa rangi iliyomo kwenye wino. Njano na majenta za kawaida hutangulia kufifia, ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na rangi ya samawati. Kwa bidhaa ya kuanikwa juani, dai wino unaostahimili mwanga.

“Ikishapakwa, maji hayaingii.” Vanishi hukinga michubuko na matone, lakini unene wake ni mikroni chache tu, na maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa. Chupa ya kuzamishwa kwenye barafu inahitaji karatasi isiyolegea majini, au lebo ya plastiki. Tena, kuna lebo zinazotakiwa kupitisha maji. Chupa za bia zinazorudishwa huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda. Lebo ya karatasi iliyozibwa kabisa itagoma kubanduka.

“Imekauka, kwa hiyo ni salama kwa chakula.” Mwaka 2005 Italia ilikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto baada ya kukuta ndani yake ITX, kemikali inayosaidia wino wa UV kukauka. Wino ulikuwa nje ya pakiti! Ila kwenye roli, upande uliochapwa ulikuwa umegusana na ule wa ndani. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema kiwango kile hakikuwa tishio kwa afya, ingawa haikufaa kuwemo. Vanishi za UV nazo hutegemea kemikali za aina hiyo. Kwa chupa ya kioo sina wasiwasi; kwa plastiki nyembamba, mchapaji akupe maandishi kwamba vanishi yake ni ya kutumika kwenye vifungashio vya chakula.

“Paka lebo nzima, ipendeze.” Na tarehe ya kuisha muda utaipiga wapi? Wino mwingi wa mashine za tarehe haushiki juu ya vanishi. Ukipitisha kidole, umefutika. Sehemu hiyo iachwe bila kupakwa.