Baiskeli na Njia za Taita

Sisi watu wa pwani tukitajiwa matembezi hukumbuka ufuo tu. Mimi nasema tuwatazame jirani zetu wa Taita. Kutoka Mwatate hadi Wundanyi barabara hupanda kwa kona nyingi, baina ya mashamba ya matuta. Na vijito vya vilima hivyo ndivyo viulishavyo mto Voi. Magari ni machache kuliko njia kuu ya Taveta, ipitayo malori.

Utulivu huo ni mali. Barabara ikipanuliwa bila kutengewa baiskeli ukingo wake, mwendo wa magari utazidi, na wa kwanza kuumia ni mwanafunzi na mkulima apelekaye mboga sokoni. Wakuu wa kaunti walione hili mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.