Siku Moja ya Maskati Ipelekeni Nizwa na Jabrin

Safari ya kwenda Oman kuwaona jamaa, kwa familia nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa, huwa ni ya siku chache tu. Likizo ni fupi na tiketi ni ghali. Nyumba za kutembelea nazo ni nyingi: leo kwa ami, kesho kwa shangazi, na kila nyumba ina halwa yake, kahawa yake na sinia la wali. Baina ya nyumba na nyumba wageni hupelekwa maduka makubwa, soko la Matrah, na msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos kupiga picha. Mara siku ya kurudi imefika. Hayo yote ni ya heri. Hata hivyo, naona ziara kama hiyo ina upungufu mkubwa, na siku moja ya kwenda bara kuona ngome za Nizwa na Jabrin, pamoja na wazee wa familia, ingeuziba.

Sababu ya kwanza ni kwamba historia ya ngome hizo ni historia yetu pia. Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ndiye aliyeujenga mnara mkubwa wa duara wa Nizwa. Mnara huo umejazwa udongo hadi kiasi cha nusu ya kimo chake ili uhimili mizinga. Ngazi yake ni nyembamba, inapinda, ina milango mizito, na juu ya milango kuna matundu ambamo adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemshwa. Mwanawe, Imam Bil'arab, akajenga Jabrin, nyumba ya kifahari yenye dari za mbao zilizopakwa nakshi za maua. Kisha ndugu wawili wakagombea madaraka. Saif bin Sultan akamzingira Bil'arab ndani ya Jabrin, na Bil'arab akafia humo mwaka 1692. Kaburi lake limo ndani ya ngome, chini. Miaka minne baadaye, Saif huyohuyo alipeleka merikebu Mombasa, na Ngome ya Yesu ikazingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, walinzi wake wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Mtoto wa Mombasa husomeshwa habari za mzingiro huo kana kwamba ulianzia baharini. Akisimama penye kaburi la Jabrin ataelewa kwamba ulitoka katika nyumba iliyokuwa tayari imepigana yenyewe kwa yenyewe.

Sababu ya pili ni wazee wenyewe. Ndani ya ngome hizi kuna chumba cha tende, chenye sakafu ya mifereji iliyopangwa sambamba. Magunia ya tende yalirundikwa juu ya mifereji hiyo, uzito wa yale ya juu ukayakamua ya chini, na asali ikatiririka taratibu hadi kwenye mitungi. Kibao ukutani kitaeleza hayo kwa maneno machache. Mzee aliyekulia kijijini anaweza kuendelea pale kibao kilipoishia: tende zilivyopakiwa, nani alizila, nani alizisafirisha kwa kaskazi hadi Unguja. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye maswali ambayo sebuleni ni mazito: babu alivuka mwaka gani, alimwacha nani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 nani alirudi Oman na nani alibaki. Wengi walipokewa huko baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu mwaka 1970, na ndiyo maana Kiswahili kinasikika hadi leo majumbani Maskati. Sebuleni televisheni inawaka na wageni wanaingia na kutoka. Ndani ya gari, saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, mzee hana wa kumkatiza.

Wapo watakaosema wamekwenda kuona watu, hawakwenda kuona mawe. Ningekubaliana nao kama siku hiyo ingewatenga na watu, lakini gari lile lile linabeba shangazi, binamu na watoto. Wengine watataja joto na magoti ya wazee. Pingamizi hilo ni la haki kabisa: Juni na Julai jua la huko halina huruma, na ngazi za Nizwa hazimfai kila mtu. Basi muende kati ya Novemba na Machi, asubuhi, na asiyeweza kupanda abaki uani Jabrin, ambako vyumba vya chini vinatosha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la utumwa. Ngome ni kazi ya watawala, na utajiri wa dola ya Oman katika pwani yetu, hasa karne ya 19, ulitoka kwa sehemu kubwa katika migongo ya watumwa wa mashamba ya karafuu. Familia nyingi zinazotembeleana leo zina damu ya pande zote mbili, ya waliomiliki na ya waliomilikiwa, na upande mmoja hutajwa kwa fahari huku wa pili ukinyamaziwa. Kwangu mimi hilo ndilo linalofanya ziara iwe ya lazima zaidi. Kijana anayeoneshwa nakshi za dari aelezwe pia gharama yake, na anayefaa kumweleza ni jamaa yake, kwa adabu na bila kuficha.

Si lazima kuona ngome zote. Bahla, iliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1987, iko njiani baina ya Nizwa na Jabrin na inaweza kutazamwa kwa nje, na ngome za Jalali na Mirani zinaonekana vizuri kutoka ufukweni Maskati. Mnaopanga kusafiri, waambieni wenyeji wenu mapema watenge siku hiyo kabla ratiba ya mialiko haijajaa, na kiti cha mbele cha gari mwachieni mzee.