Asilimia Tunayoisahau

Na Mwanahamisi Mkwaya

Kila mradi wa gesi wa Lindi unapotajwa, ubishi wetu ni uleule: serikali itapata asilimia ngapi? Mimi nina asilimia nyingine kichwani, na nimeitoa Ekofisk, Bahari ya Kaskazini.

Kampuni ya Kimarekani ya Phillips iligundua mafuta hapo mwishoni mwa 1969, upande wa Norwe, penye kina cha maji cha mita 70 hivi. Mwaka uliotangulia, Farouk Al-Kasim, mjiolojia wa Iraq, alikuwa amehamia Norwe kumtafutia mwanawe matibabu. Alipita wizarani Oslo kuomba orodha ya kampuni za mafuta ili atafute kazi. Wizara ikamwajiri yenyewe, maana haikuwa na watu wa kutosha wa kuchambua taarifa za visima.

Mafuta ya Ekofisk yamo ndani ya vitundu vya mwamba wa chokaa, kilomita 3 hivi chini ya bahari. Ukiyatoa, shinikizo linashuka na mwamba unajibana. Mwaka 1984 ikabainika kwamba sakafu ya bahari nayo inazama. Tangi kubwa la zege lililokuwa hapo lilizungukwa na ukuta wenye safu za matundu ya kuvunja nguvu ya mawimbi. Picha za zamani zilionyesha safu nyingi juu ya maji kuliko zilizobaki. Mwaka 1987 majukwaa ya chuma yakainuliwa mita 6 kwa jeki.

Mwaka huohuo ndipo maji ya bahari yalipoanza kusukumwa kwa wingi ndani ya mwamba ili kurudisha shinikizo na kuyasukuma mafuta. Wengi walikuwa na shaka kama chokaa ingekubali. Kurugenzi ya Petroli ya serikali huko Stavanger, alikokuwa Al-Kasim, ilishikilia kwamba ijaribiwe. Kampuni ilikuwa na sababu ya kusitasita: gharama ni ya leo, mafuta ni ya miaka mingi mbele. Hapo mwanzo ilikadiriwa kwamba chini ya asilimia 20 ya mafuta yangetoka. Sasa inatajwa zaidi ya 50. (Kuzama hakukukoma papo hapo, kwani maji nayo hulainisha chokaa.)

Gesi si mafuta, najua, na haihitaji kusukumwa kwa maji. Lakini mgawo mnono wa kitu kilichoachwa nusu chini ya bahari ni mgawo wa hasara, na wa kuliona hilo ni mtaalamu wa serikali anayeweza kumbishia mwekezaji kwa hesabu zake mwenyewe. Huko kitalu namba 2 cha gesi hiyo ya Lindi mwekezaji ni Equinor, iliyokuwa Statoil, kampuni ambayo Norwe hiyohiyo iliiunda 1972. Upande wetu tuna PURA, mamlaka ya kudhibiti utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, iliyozaliwa na Sheria ya Petroli ya 2015.

Bajeti ya Nishati ikisomwa Dodoma, ningependa mbunge mmoja tu asimame aulize PURA ina wahandisi wangapi wa miamba, na wangapi wamehamia kwenye kampuni walizokuwa wakizisimamia.