USUKANI NI CHOMBO CHA KAZI, SI PAMBO LA TAJIRI



Chama kikitaja mshahara, matajiri hukunja uso. Kikitaja likizo, hutafuta karatasi. Lakini kikitaja usukani wa pikipiki, hucheka. Husema, "Je, sasa mmekosa la kudai? Mwataka kukaa kama mko sebuleni?"

Sisi twajibu kwamba hatukukosa la kudai. Twadai mikono yetu. Tarishi, mpeleka mizigo, msoma mita, mwenye boda boda, wote hawa wanakula kwa mikono miwili iliyoshika usukani tangu alfajiri mpaka usiku. Mikono hiyo ikiharibika, tajiri ataajiri mingine kesho yake. Mwenye mikono hana mingine.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na katika hao wanaocheka, ni nani amekaa juu ya tandiko la pikipiki masaa kumi, akitoka bohari kwenda dukani, akitoka duka hili kwenda lile, katika jua na matuta? Tazameni kiti cha Bwana Meneja ofisini. Chini yake pana mkono wa kukipandisha na kukishusha, na nyuma pana mwingine wa kukilaza. Akija meneja mrefu hukipandisha, akija mfupi hukishusha. Hatujasikia hata siku moja meneja akiitwa mvivu kwa sababu ya kulinganisha kiti na mgongo wake. Lakini mfanya kazi akilegeza bolti za usukani ili aufikie bila kujikunja, huambiwa ameharibu mali ya kampuni.

Na hili si neno la mzaha. Katika kampuni moja ambayo hatutaitaja, mwanachama wetu mfupi wa kimo alipewa pikipiki iliyokuwa ya mwenzake mrefu. Kila jioni alirudi vidole vimekufa ganzi. Alimwomba msimamizi mara mbili fundi auvute usukani nyuma, akajibiwa azoee. Alipouvuta mwenyewe, alipewa barua ya onyo. Barua ilieleza habari za mali ya kampuni kwa maneno mengi, na habari za vidole vyake haikutaja kabisa.

HABARI ZA MWILI

Usukani ukiwa mbali au chini mno kwa kimo cha mpandaji, kiwiliwili huinama mbele, na uzito wake huangukia viganja. Shingo nayo hupindwa nyuma ili macho yaione barabara. Mikono ya breki na klachi ikiwa imeelekea juu mno, vifundo vya mikono hupinda kila mara vidole vinapoifuata, na mjini hilo hutokea mara mia nyingi kwa siku. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba apitamo mshipa wa fahamu uendao kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Mwingine hupita upande wa kidole kidogo. Mishipa hiyo ikibanwa masaa mengi, na mtetemo wa injini ukiongezwa juu yake, kwanza vidole huwasha, kisha hufa ganzi, kisha nguvu ya kushika hupungua. Mwenye kuamka usiku akikung'uta mikono ajua tunasema nini.

Wala hasara si ya mpandaji peke yake. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa kila sekunde. Kidole chenye ganzi kikichelewa nusu sekunde tu kukamata breki, pikipiki imekwisha kwenda mita 5 na nusu zaidi, nao ni urefu unaopita motokaa ndogo. Katika mita hizo anaweza kuwapo mtoto wa shule anayevuka barabara. Basi tusiambiwe kwamba hili ni jambo la starehe.

MAJIBU YA MATAJIRI, NA MAJIBU YETU

Tajiri wa kwanza husema, "Pikipiki imetengenezwa hivyo kiwandani, nasi hatuwezi kujua zaidi ya kiwanda." Twamwomba ashuke mpaka karakana akaitazame. Katika pikipiki nyingi tunazopewa kazini, usukani umekamatwa juu ya foku kwa vishikizi na bolti. Mikono ya breki na klachi nayo imekamatwa kwa vishikizi vyake. Kama kiwanda kingetaka visisogezwe kamwe, kingevichomelea. Kiwanda kilijua kwamba hakimjui atakayepanda, ndiyo maana kikaacha nafasi ya spana. Aliyeifunga nafasi hiyo ni tajiri, si kiwanda.

Tajiri wa pili husema, "Ni gharama." Gharama gani? Kuuzungusha usukani kidogo katika vishikizi vyake hakuhitaji kununua kitu. Kwataka fundi, spana, na muda usiofika hata nusu saa. Tajiri huyo huyo hulipa kubadili oili, kwa sababu injini ikikwama ni hasara yake. Mfanya kazi akikwama, ahesabu kuwa ni hasara ya mfanya kazi. Hapo ndipo penye shina la maneno haya yote.

Tajiri wa tatu ni mwerevu kuliko hao. Husema, "Ninyi si wafanya kazi wangu, ninyi ni washirika wangu." Twauliza, ni mshirika gani huyu asiyeonyeshwa hesabu ya faida, apangiwaye bei na mwenzake, na kufungiwa kazi bila kuulizwa neno? Akitaka ushirika, basi na ashirikiane nasi katika maumivu pia.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 76, yamtaka mwajiri achukue hatua ili mahali pa kazi, vyombo, na kazi zenyewe vilinganishwe na mfanya kazi na uwezo wake. Someni tena maneno hayo polepole. Sheria haikusema mfanya kazi alinganishwe na chombo. Haikusema mfupi arefuke, wala mrefu ajikunje. Chombo ndicho kitakachosogezwa. Sheria hiyo hiyo yataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kupata hali za kazi zilizo za kufaa. Kwa hiyo tuingiapo ofisini kwa neno la usukani, hatuendi kuomba sadaka.

NENO KWA WENZETU

Haitoshi kumsema tajiri. Kuna wenzetu pia ambao lazima tuseme nao.

Wako wanaosema, "Kwanza pesa, hayo ya usukani baadaye." Ndugu, nyongeza ya mshahara utaipokea kwa mkono gani? Mtu akiacha kazi kwa sababu ya mgongo na vifundo kabla ya wakati wake, miaka ile yote ambayo hatafanya kazi ni mshahara uliopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayedai shilingi na kuuacha mwili ameacha mtaji akadai faida.

Wako wengine, hasa vijana wa boda boda, ambao huung'oa usukani wa kiwanda na kuweka ule mrefu wa fahari, waya zikiwa zile zile fupi. Huo si ulinganisho. Waya na mpira wa breki zilipimwa kwa usukani wa kwanza. Ukiupandisha usukani na kuziacha, siku utakapokata kona kali waya utavutika, na injini itapanda mlio wewe hujagusa mafuta. Anayetaka usukani wa juu lazima abadili na vinavyoufuata.

Tena wako wanaopanda pikipiki moja kwa zamu, mmoja mchana na mwingine usiku, na mwenye pikipiki hajali ila hesabu yake ya kila jioni. Hao twawashauri wapatane pahali pa katikati panapowafaa wote wawili, na fundi aweke alama ya rangi penye kishikizi ili mtu asiuchezee ovyo. Lakini wakitofautiana sana kwa kimo, kukaa nusu vizuri si kukaa vizuri. Hapo mwenye pikipiki aambiwe wazi kwamba pikipiki moja haiwatoshi watu wale wawili.

KAZI HII IFANYWE NAMNA GANI

Twaandika haya ili mwanachama ajue ni kitu gani adai, na ajue kama fundi amemdanganya.

Mpandaji akae juu ya pikipiki iliyosimama wima, akae kama akaavyo barabarani, si kama akaavyo kupigwa picha. Mabega yalegee na viwiko vipinde kidogo. Fundi alegeze bolti za vishikizi, auzungushe usukani nyuma au mbele kidogo kidogo, mpaka mpandaji ashike bila kujivuta na bila kuegemea viganja. Kisha mikono ya breki na klachi iinamishwe hata, vidole vikinyoshwa juu yake, mkono tangu kiwiko mpaka ncha za vidole uwe mstari mmoja. Hatua hii ya pili wengi huisahau, nayo ndiyo hupumzisha vifundo. Baada ya hayo bolti zikazwe kwa zamu, kwa kadiri iliyotajwa na kitabu cha kiwanda. Usukani unaozunguka penye shimo la barabara ni kifo.

Mwisho ni ukaguzi, na pikipiki isitoke karakana bila huo. Usukani uzungushwe kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Usiguse tangi, usibane vidole, wala waya au mpira wo wote usivutike. Kisha injini iwashwe bila gia na usukani uzungushwe tena pande zote mbili. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umekazika, na kazi irudiwe. Mkono wa mafuta ukiachwa, urudi wenyewe upesi. Breki na klachi zijaribiwe, kila moja iwe na ule ulegevu wake mdogo uliotajwa kitabuni. Penye breki ya mafuta, kikopo chake juu ya usukani kisilale upande.

Mnaona, ndugu, ni kazi ya ufundi, nayo hugusa breki. Kwa sababu hiyo hasa hatutaki mfanya kazi aifanye kwa siri kando ya barabara, kwa spana ya kuazima, akiogopa msimamizi. Tajiri anayekataza ndiye anayemsukuma mtu aifanye kwa siri. Na siku bolti itakapolegea, atamlaumu marehemu.

TUNAYODAI

1. Kila mpandaji akipewa pikipiki, usukani na mikono yake vilinganishwe na mwili wake kabla hajatumwa safari ya kwanza, na vilinganishwe tena kila abadilishiwapo pikipiki.

2. Kazi hiyo ifanywe na fundi, katika masaa ya kazi, kwa gharama ya mwajiri, na ukaguzi uandikwe katika daftari la karakana.

3. Pale ambapo kuzungusha hakutoshi, mwajiri anunue usukani unaofaa, pamoja na waya na mpira wa breki wa urefu wake.

4. Barua zote za onyo walizopewa wafanya kazi kwa kuomba au kutaka ulinganisho huu zifutwe.

5. Ganzi na maumivu ya mikono yaandikwe na kamati ya usalama kama habari za kazi, yasiitwe uvivu.

Kila mjumbe wa tawi na alete kwa katibu wake, kabla ya mkutano ujao, orodha ya wapandaji wake wote: kimo cha kila mmoja, pikipiki aliyopewa, na kama vidole vyake vinakufa ganzi. Msilete maneno matupu, leteni orodha. Mtu mmoja akilalamika mkono, ataambiwa ni mkono wake mbovu. Watu arubaini wakiandika maumivu yale yale, tajiri hatapata pa kujificha, maana haiwezekani mikono arubaini yote iwe mibovu na usukani uwe mzima.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Na vidole vilivyokufa ganzi, hata vikiwa kumi, havivunji kitu. Tuvitetee sasa vingali na nguvu.

UMOJA NI NGUVU.