Bajeti Haikungoji Umalize Kuscroll

Wasee, wacha niseme ukweli. Tukiuliza pesa za kaunti zinaenda wapi, tunauliza usiku, kwa simu, bajeti ikishapita. Hata mimi. Mkutano wa bajeti ulipoitwa hapa Mbumbuni, nilikuwa narekodi video. Susu alienda, na mguu wake mbaya.

Niliacha chuo, lakini kusoma sijaacha. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kuhusisha wananchi. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bungeni kufikia Aprili 30. Na Makueni, tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, mikutano huanzia kijijini, inapanda wadi, hadi kaunti nzima.

Sasa wewe unataka kufungua kinyozi sokoni. Leseni na kibali cha kujenga ni pesa ngapi? Waliotoa maoni ni wazee. Si makosa yao, wao walifika.

Mkutano ujao niko. Simu nitabeba, lakini ya kurekodi majibu. Tupatane huko?