Tabasamu lililomuudhi bwana

Mpenzi msomaji, Jumapili hii nakualika katika jumba la kifahari mjini Ferrara, Italia. Mwenyeji wetu ni mtawala, mkwasi na mpenda sanaa. Anatupandisha ghorofani, anasimama mbele ya pazia na kulivuta. Nyuma yake ipo picha ya mwanamke kijana mwenye tabasamu. Kwa utulivu wa kutisha, mwenyeji anaeleza kuwa huyo alikuwa mkewe.

Hapo ndipo linapoanzia shairi la malenga Mwingereza Robert Browning, "My Last Duchess", lililochapishwa mwaka wa 1842. Wanafunzi wengi wa fasihi wanalifahamu. Nadhani wazazi wao wangefaidika nalo zaidi.

Shairi lina mistari 56 na nafsi neni ni moja tu, yule mtawala. Vina vipo, kila mistari miwili ikifungana, lakini mistari mingi ni mishata hivi kwamba sikio husahau kuwa linasikiliza shairi. Anayeambiwa ni mjumbe aliyekuja kwa ajili ya posa, kwani mjane wetu anataka kuoa tena. Mjumbe hatuambiwi alijibu nini. Marehemu naye hawezi kujitetea. Habari zake zote twazipata kinywani mwa aliyemchukia.

Je, kosa lake lilikuwa nini? Ukitega sikio utastaajabu. Hakufumaniwa wala hakutoroka. Kosa lake ni kuwa alifurahi upesi. Alifurahia machweo ya jua, matunda aliyochumiwa bustanini na nyumbu mweupe aliyempanda. Kila aliyemtendea wema alipata tabasamu lile lile alilopata mumewe. Bwana akaona ametukanwa. Vipi jina la ukoo wake, lenye umri wa miaka 900, lilinganishwe na tawi la matunda?

Linalonikera zaidi ni hili. Bwana huyu akiri kuwa hakumweleza mkewe kinachomuudhi. Kwake, kueleza ni kujishusha hadhi. Badala yake akatoa amri, na tangu hapo mke hakutabasamu tena. Ni amri gani? Browning hasemi waziwazi, lakini moyo wa msomaji huingia baridi. Sasa pazia halivutwi na mtu ila yeye. Alichoshindwa kukimiliki kwa mke aliye hai, amekimiliki kwa picha.

Inaaminika kuwa Browning aliegemea historia. Alfonso wa Pili wa Ferrara alimwoa Lucrezia de' Medici wa Florence mwaka wa 1558, binti akiwa na miaka 13 tu. Lucrezia alifariki mwaka wa 1561 akiwa na miaka 16. Uvumi ukaenea kuwa alilishwa sumu, ingawa wanahistoria huamini aliuawa na kifua kikuu. Basi tusimtwike Alfonso wa kweli dhambi za yule wa shairi. Hata hivyo, alioa mara mbili zaidi bila kupata mtoto. Alipofariki mwaka wa 1597, Ferrara ilitwaliwa na Papa mwaka uliofuata.

Sasa turudi nyumbani. Mtaani kwetu palikuwa na dada mmoja mchangamfu. Mumewe alimsuta kila alipomshukuru utingo wa matatu kwa kumshushia kikapu. "Mbona unamchekea?" Pole pole dada akajifunza kutembea kichwa chini. Sisi majirani tulisema, "Anampenda mno, ndiyo maana ana wivu." Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Siku alipoondoka kwenda kwao mkono ukiwa umefungwa bendeji, hakuna aliyetaja tena habari za mapenzi.

Msomaji, kuogopa kumpoteza umpendaye ni ubinadamu. Hofu hiyo huweza kusemwa mezani ikapoa. Wivu wa mtawala wa Ferrara ni wa namna nyingine. Hataki kupendwa, ataka kumiliki. Dalili zake si ngeni kwetu. Mwenzako huchagua marafiki zako, hupekua simu yako usiku, hununa ukicheka na muuza mboga, na ukimwuliza umekosa nini hujibu, "Wewe wajua." Huyo anaweza kuwa mume, mke, au kijana wa chuo aliyeanza uchumba mwezi jana.

Kuna mwingine katika shairi ambaye hunikosesha usingizi. Ni yule mjumbe. Ameonyeshwa picha, amesikia kisa, kisha mwenyeji amegusia mahari, ambayo kwa desturi ya huko hutolewa na upande wa bibi arusi. Wakishuka, anaonyeshwa sanamu ya shaba ya mungu wa bahari akimtiisha farasi wa majini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ulimi huponza kichwa, nao wa mtawala umekwisha kumfichua. Lakini je, mjumbe alipofika kwa baba wa binti, alisema alichosikia? Au aliusifia ukwasi wa bwana na kuhesabu siku za arusi?

Shairi halijibu. Twajibu sisi, tunaoketi katika vikao vya posa na kusikia mchumba akijigamba jinsi alivyomnyoosha yule wa kwanza, kisha tukacheka na kuomba soda nyingine. Twajibu sisi majirani tunaoongeza sauti ya redio.

Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiyaona juu ya nyumba ya dadako, rafikiyo au mwanao, usiwe mjumbe bubu. Nenda ukamwulize jinsi alivyo, tena mwulize akiwa peke yake.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.